Tawi la Miiba Langoni

Kwetu Mtinko, siku ya Krismasi watoto hawasubiri kualikwa. Wakitoka kanisani wanapita nyumba kwa nyumba na nguo zao mpya, wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja, wanakula sikukuu kwa kila jirani. Mwaka jana walikula kwa wote isipokuwa kwangu. Mbwa wetu Chui aliwatimua wakiwa uani, na Lucy, binti wa jirani yetu Hosea, akatumbukia kwenye shimo tulilochimba udongo wa tofali, akavunjika mkono. Sufuria yangu ya pilau ililala imejaa. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekanyaga kwetu.

Safari hii niliapa hailali. Wanangu wameshahama wote, na mimi nyumba isiyo na kelele za watoto siiwezi. Tangu asubuhi nilimwandama Baba Deo, mume wangu. "Shimo," nikamwambia. Akakata matawi ya miiba akalizungushia. "Mbwa." Akamfunga nyuma ya zizi la mbuzi. Mimi nikaokota vipande vya chupa uani, nikahamisha jiko mbali na njia, kisha nikaanza pilau huku naimba. Nilikuwa na furaha hata chumvi nusura niitie mara mbili.

Mara nikasikia sauti zao zinakuja. Nikajifuta mikono haraka. Sauti zikafika, zikapita.

Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Langoni lilikuwa limelazwa tawi kubwa la miiba, na huku kwetu kila mtu anajua maana yake: wenyewe hawapo.

"Baba Deo, nani kafunga lango?"

"Mimi," akajibu kutoka bafuni, anaoga na kupiga mluzi. "Chui akikata kamba asije akawafuata watoto barabarani. Usalama kwanza, mama."

Nilitamani kumtwanga na ule mwiko. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za mume wangu zilishaanza kunyonyoka. Nikaliburuta tawi pembeni, nikawakimbilia watoto peku hadi kwa Hosea.

"Shikamoo, Mama Deo," wakanisalimu.

"Marahaba. Mbona mmenipita?"

"Tumekuta miiba, tukajua mmesafiri."

"Nipo, na pilau ipo. Twendeni."

Hakuna aliyesogea. Wote walimtazama Lucy, naye akajishika mkono.

"Mbwa yuko wapi?" akaniuliza.

"Amefungwa."

"Na shimo?"

"Njoo ulione mwenyewe."

Akaja, wenzake wakimfuata kwa mbali. Alilizunguka shimo lote, akaenda kuchungulia nyuma ya zizi, akaitazama kamba ya Chui kwa muda mrefu. Mimi nilisimama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mwishowe akaja akaketi mkekani, akakunja mikono ya gauni lake jipya.

"Mama Deo, mimi nipakulie ya chini, yenye ukoko."

Basi ua ukajaa. Walikula, wakagombania nyama, wakamwagia soda mkeka wangu mzuri, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mimi na Baba Deo hatukubakiwa hata na punje.

Jioni alilibeba lile tawi kwenda kufunga lango kama kawaida ya kila usiku. Nikamwambia angoje kidogo, huenda kuna mtoto bado yuko njiani.