Picha ya Mgongo wa Kalekye

Kalekye alikuwa fundi wa rangi, mwanamke pekee kati ya mafundi waliokuwa wakimalizia jengo la ghorofa Kileleshwa. Machi 2006 ubao ulivunjika chini ya miguu yake, akaanguka kutoka orofa ya pili. Alipofikishwa hospitalini hakuwa na hisia yoyote kuanzia kiunoni kwenda chini.

Daktari wa zamu alimpima, kisha akamwambia Wambua, mumewe, "Mjitayarishe kwa kiti cha magurudumu."

Kalekye alisikia. "Kuna mtu ameangalia ndani?" akauliza.

Siku ya pili alipigwa picha za MRI za mgongo. Daktari Waithera, msomaji wa picha hizo, alizitazama kwa muda mrefu, halafu akamwita Wambua mbele ya kompyuta.

"Ona hapa. Hii kamba ya neva ndani ya uti wa mgongo imefura, lakini haijakatika, na damu haijavujia ndani yake. Damu ikivujia humo, wengi hawatembei tena. Kwa huyu sioni damu."

"Kwa hivyo atatembea?"

"Naamini atatembea. Itachukua miezi, na atatoka jasho. Nimeandika hivyo kwa ripoti."

Wambua alirudi wodini kumweleza mkewe.

"Ameandika?"

"Ameandika na kutia sahihi."

"Basi nitafutie mtu wa mazoezi."

Wiki ya sita, nyumbani kwao Woodley, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilisogea. Kalekye alikisogeza mara tatu ndipo akamwita Wambua. Julai alisimama akishikilia grili ya dirisha. Oktoba alitembea kwa magongo hadi Ngong Road na kurudi. Jirani yake Ndunge alimfuata na stuli, asije akachoka njiani. Haikukaliwa.

Februari, Waithera alizionyesha picha zile kwenye mkutano wa madaktari.

"Na mgonjwa yuko wapi sasa?" mmoja akauliza.

Kalekye aliinuka kutoka kiti cha nyuma, akapita katikati yao kwa gongo moja mpaka mbele. Makofi yakaanza. Yule daktari wa zamu alisimama, akampa mkono.

"Nilikosea, mama."

"Nashukuru umesema," Kalekye akajibu.

Kisha akaugeukia ukuta, ambako picha ya mgongo wake ilikuwa bado inaonyeshwa. Hakuwa amewahi kuiona picha hiyo. Aliomba aonyeshwe palipofura, akapatazama kwa kituo, wima, huku madaktari wakimsubiri.