Tairi la Kushoto

Saa nne na dakika kumi asubuhi, ndege ndogo ya viti vinne iliruka kutoka kiwanjani ikiwa na rubani, wageni wawili na mama wa mwongoza wageni.

Mama hakuwa kwenye mpango. Mgeni mmoja aliamka anaharisha, kiti kikabaki wazi, na bintiye akamshikilia apande. "Nusu saa tu, mama. Utaliona paa letu kutoka juu." Mama, ambaye hata ngazi za ghorofa ya pili humtia kizunguzungu, alimkabidhi mkoba wenye simu na vidonge vya presha. "Nikifa sikusamehe," alisema. Watu wakacheka.

Sasa binti alisimama na mkoba huo kwenye kilima nje ya uzio, pamoja na mashabiki wa ndege waliokuja kwa mkutano wao wa mwisho wa juma. Matembezi yao yote aliyapanga yeye. Mashabiki hawa hupiga picha kila ndege inayoruka na kila inayotua, hata waliyoipiga muda mfupi uliopita, kisha huzikagua papo hapo.

Mmoja wao, daktari wa meno mstaafu, aliacha ghafla kupiga. Aliikuza picha kwenye kioo cha kamera, akaipunguza, akaikuza tena.

"Redio, hebu njoo."

Redio aliitwa hivyo kwa sababu haachani na kifaa chake cha kunasa mazungumzo ya marubani. Alikuja akitafuna.

"Tairi la kushoto limechanika," alisema daktari.

"Kivuli hicho."

"Maisha yangu yote nimetazama meno kwenye picha. Kivuli nakijua, na shimo nalijua."

Alimwonyesha picha ya ndege hiyohiyo ilipowarusha wageni wa kwanza: pembe ileile, jua lilelile. Pale tairi lilikuwa duara kamili. Katika picha mpya, kipande cha mpira kilining'inia.

"Basi mwambie rubani," alisema mwongoza wageni.

Redio aliinua kifaa chake. "Hiki ni sikio, dada. Mdomo hakina."

Kutoka kwenye kifaa hichohicho, rubani aliripoti kwamba hali ni shwari.

"Tukiwasumbua waongoza ndege mnarani kwa kivuli, mwakani hatukanyagi hapa," alisema Redio. "Wanatuvumilia kwa sababu tunakaa kimya."

"Mama yangu yumo mle."

"Tunajua, dada."

"Hamjui. Mngejua msingekuwa mnabishana."

Simu ya ofisi ya klabu yenye ndege hiyo iliita mpaka ikakatika. Wote walikuwa nje na wageni. Namba ya mnara hakuwa nayo. Alikuwa na ya mkuu wa zimamoto wa kiwanja, kwa kuwa alasiri angewapeleka mashabiki kulitazama gari lake.

"Dada, saa tisa bado!" alipokea zimamoto. "Ndiyo kwanza naliosha."

"Ndege iliyo juu ina tairi lililochanika. Tuna picha."

"Nani kaona?"

"Daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa meno."

Upande wa pili bomba lilifungwa. "Nitumie hiyo picha."

Daktari alikipiga picha kioo cha kamera kwa simu. Ya kwanza ilitoka na ukungu. Ya pili ilikwenda.

Walisubiri. Mwongoza wageni alifungua zipu ya mkoba, akaifunga, akaifungua. Ndege ilikuwa imeanza kurudi, imeshuka kiasi cha kusikika, mnara ulipomwita rubani na kumpa habari za tairi. Redio aliongeza sauti ya kifaa.

"Nimeelewa," alisema rubani. "Nazunguka kwanza. Tupo wanne ndani."

"Kwa nini anataja idadi?" aliuliza binti.

Daktari alirudisha jicho kwenye lenzi. Redio alikuwa ameacha kutafuna.

Gari la zimamoto lilitoka, sabuni ikiwa bado ubavuni, likasimama kando ya njia ya kurukia. Ndege ilizunguka mara mbili, kisha ikashuka ikiwa imeinamia kulia. Gurudumu la kulia liligusa lami peke yake. Rubani aliliinua la kushoto kadiri mwendo ulivyomruhusu. Lilipogusa, cheche ziliruka, ndege ikavutwa kushoto, ikatoka njiani, ikakata nyasi na kusimama imelala upande.

Kamera zote kilimani zilikuwa zimeshushwa. Daktari peke yake alitazama kwa lenzi, akihesabu kwa sauti waliotoka mlangoni.

"Mmoja. Wawili. Watatu."

Kisha aliivuta picha karibu zaidi.

"Daktari?"

"Rubani anarudi ndani."

Zimamoto aliingiza mabega mlangoni. Alipotoka kinyumenyume alikuwa amembeba mama, na mama alikuwa akimpiga begani kwa kiganja, akidai ashushwe.

Alishushwa saa tano kasoro dakika tano, akasimama mwenyewe.