Ugomvi wa Benki Dukani kwa Jocelyne

Jocelyne alikuwa akipunguza suruali ya mlinzi mmoja pale wazee wawili wa Kizungu, waliokufa zamani, walipoingia dukani kwake Kensington na kutaka wazibiwe makoti. Ilikuwa jioni, mwaka 2017. Mmoja alikuwa wakili wa benki ya taifa katika Marekani ya kale. Mwenzake alikuwa na mashamba ya mpunga Carolina Kusini. Makoti yalikuwa yameoza makwapani, kama ilivyo kwa nguo iliyokaa kaburini karibu miaka mia mbili. Nyuma yao alisimama mwanamke mweusi aliyebeba mabegi yote.

"Muvue," Jocelyne alisema.

Walivua huku wakibishana. Mwenye mashamba alisema taifa halina haki ya kuleta benki yake katika jimbo la watu; jimbo lina mamlaka yake, na litaitoza kodi benki hiyo mpaka ife. Wakili akajibu kwamba serikali ya majimbo yote haiombi ruhusa kwa jimbo moja.

Amisa, msusi wa Kitanzania wa mlango wa pili, alichungulia. "Shoga, wateja wako wana kelele!"

"Wanagombania benki."

"Eish, afadhali wao wana benki ya kugombania," Amisa alisema, akarudi kwa mteja wake.

Neno hilo lilimchoma Jocelyne. Wiki ile benki yake ilikuwa imemfungia akaunti kwa sababu kibali chake cha ukimbizi kimeisha muda. Karani alisema hiyo ni amri ya serikali, aende serikalini. Serikalini afisa akasema akaunti ni mambo ya benki, na kibali akakifuate Musina, mpakani alikoingilia. Nauli ya Musina ilikuwa ndani ya akaunti.

Alimsogezea yule mwanamke kiti. "Ikala, mama. Unaitwa nani?"

"Kezia."

"Na wewe uko upande gani?"

Kezia alifikiri. "Mimi ndiye dhamana," alisema. "Bwana alikopa benki, akaniweka rehani mimi na wanangu."

Jocelyne aliondoa mguu kwenye cherehani. "Papa," alimwambia wakili, "benki ikishinda, huyu mama anaenda wapi?"

"Anakuwa mali ya benki. Tutamuuza."

"Na jimbo likishinda?"

"Anabaki kwa mwenyewe," alisema mwenye mashamba.

"Mwenyewe nani?"

"Mimi."

Hapo wakili aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile wazee hao kuafikiana, na walitazamana kwa heshima.

Jocelyne aliyakunja makoti pamoja, akayatupa nje barabarani. "Mutoke! Mutoke kwangu, wezi nyie!" Wazee walitoka wakayaokota, wakaendelea kubishana kando ya robot, zile taa za barabarani. Watu waliotoka kazini waliwazunguka wakapita.

Kezia alikunywa chai. Alisema watoto wake wawili walichukuliwa na benki na mmoja alibaki shambani, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kujua nani alishinda kesi ya benki na jimbo. Kisha akainuka, akashika mabegi.

"Baki hapa," Jocelyne alimsihi. "Nitakuficha."

"Dhamana ikikosekana, watamchukua yule aliyebaki," Kezia alisema, akawafuata.

Tangu siku hiyo wanakuja mara kwa mara, jua likizama. Jocelyne hawashonei. Humpa Kezia kiti na chai. Huwaacha wazee mlangoni na matambara yao.

Mwaka uliofuata, akaunti ikiwa bado imefungwa, hasira ilimpanda akawatokea mlangoni. "Nyie munaojua sheria! Benki yangu inasema ni serikali, serikali inasema ni benki. Nani ana haki?"

Nyuso za wazee zilichangamka. Wakili akaanza, mwenye mashamba akamkatiza, na mjadala ukawa moto mpaka maduka yote yakafungwa. Ulikuwa mjadala mzuri. Hakuna aliyemuuliza Jocelyne jina lake.