Wekundu wa Mizizi ya Soya

Kasian aling'oa shina la kwanza la soya kwa mkono mmoja, bila hata kuinama sawasawa, kama mtu anayechomoa ufito katika ua mkuukuu. Ilikuwa siku ya ishirini na tatu Magole haijaona tone la mvua. Majani yalikuwa yamejikunja, naye alikwishaamua: soya zing'olewe zote, upandwe ufuta.

"Baba Happiness, subiri kidogo," mkewe, Yunis, alimsihi. "Joha yuko njiani kutoka Kilosa."

Kasian alilitupa shina chini. Tangu Yunis alipochanganya mbegu na unga mweusi wenye bakteria wa kurutubisha soya, alikuwa akimtania mbele za watu kwamba amepanda masizi. Utani ulikuwa umemkolea hata ukageuka msimamo, na msimamo wa mwanamume mbele ya majirani si kitu cha kuvuliwa upesi.

Joha, afisa ugani, alishuka kwenye bodaboda. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Zimekufa."

Joha aliliokota lile shina. Mizizi ilijaa vinundu vidogo kama punje za mtama. "Bakteria wa ule unga wanaishi humu, wakiulisha mmea naitrojeni ya hewani," alisema. "Oksijeni wanaihitaji, lakini ikizidi huwadhuru, na ukame huzidisha sumu zitokanazo nayo. Wao wana vimeng'enya vya kuzivunja. Mmea nao huwatengenezea rangi nyekundu inayoishika oksijeni hiyo na kuwagawia kidogo kidogo. Wakishindwa, kinundu hugeuka kijani ndani. Pasua, baba."

Akampa wembe. Kasian alitaka kukataa, lakini alimwona Yunis amebana midomo, akatambua kwamba mkewe alikuwa anaogopa. Akapasua.

Ndani kulikuwa na wekundu kama ufizi wa mtoto mchanga.

Akapasua cha pili, na cha tatu. Vyote vyekundu.

"Yaani mimi nalalamika huku juu," alisema polepole, "wao huko chini wanapigania uhai?"

"Wao na mmea, pamoja. Mvua ikiwahi, zitainuka."

Yunis akacheka, kicheko cha chini ambacho Kasian hakuwa amekisikia siku nyingi, naye akajikuta anacheka.

Jirani yao Simoni alikuwa akipita na baiskeli. Kasian alimwita, akampasulia kinundu, akaanza kumweleza habari za oksijeni na vimeng'enya kana kwamba amezaliwa nazo. Mahali pengine alikosea. Joha alifungua kinywa amsahihishe. Yunis akamgusa mkono.

"Mwache," alinong'ona. "Mwache kwanza aseme."