Wenye Alama Mbili

Saa mbili na nusu asubuhi Mzee Niu Changgen alisukumwa kuingia chumba cha upasuaji kutolewa saratani ya umio. Binti yake, Fengxia, akabaki ukumbini. Jamaa wa wagonjwa wengine pale benchini waliogopa wasichokijua. Yeye aliogopa anachokijua.

Maana alikuwa mfanyakazi wa hospitali hiyohiyo, ghorofa ya pili. Kazi yake ilikuwa kuwapigia simu waliopasuliwa umio na kuuliza kama bado wapo. Majibu aliyaandika kando ya vipimo vya damu waliyotolewa kabla ya kisu: aina mbili za chembe nyeupe, na protini. Kutokana na vipimo hivyo kila mgonjwa alipata alama. Sifuri ilikuwa afadhali. Mbili, wengi hawakuumaliza mwaka wa tatu.

Jana yake alikuwa amefungua karatasi ya damu ya baba. Mbili.

Kukaa kukamshinda. Akapanda ofisini, akawachagua kwenye orodha wenye alama mbili waliopasuliwa miaka sita nyuma. Alitaka mmoja tu aliye hai.

Simu ya kwanza ilipokewa na mwanamke. "Mume wangu? Tulimzika miaka minne iliyopita, kabla ngano haijavunwa. Na mwaka jana mliniuliza hivihivi. Kwani hamwandiki?"

Ya pili haikupatikana. Ya tatu, ya kijiji kimoja juu milimani Taihang, iliita mpaka vidole vikamfa ganzi.

"Nani?" Sauti ya kukwaruza.

"Naomba mtu wa nyumbani kwa Qin Yushan."

"Yushan mwenyewe ndiye mimi. Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mzee. Natoka hospitali. Unakula?"

"Uji wa mawele. Mkate wa mvuke, nusu tu kila mlo. Mke wangu ananipimia kama kifaranga. Mbona unalia, binti?"

Ulimi ukamteleza Fengxia. "Baba yangu yuko kwenye kisu sasa hivi. Damu yake ni mbaya kama ilivyokuwa yako."

Mzee akauliza polepole, "Damu yangu ilikuwa mbaya?"

Fengxia akafunika mdomo. Miaka sita, hakuna aliyemwambia.

"Nimekohoa tangu juzi," Yushan akasema. "Ndiyo hiyo imerudi?"

"La, mzee! Ni damu ya wakati ule. Nisamehe, sikupaswa kusema."

"Nilikuwa napukuchua mahindi yangu hapa, sina habari. Umenitia hofu, mwanangu."

"Njoo kesho tukupige picha ya kifua. Niulizie mimi, Fengxia."

"Nitakuja. Na baba yako akizinduka asile kwa pupa. Mimi yai moja la kuchemsha nusura liniue baada ya kisu kushindwa kuniua."

Saa nane daktari alitoka akavua kofia. "Uvimbe tuliouona tumeutoa wote," akasema. Fengxia hakuthubutu kuuliza baba amebakiwa na miaka mingapi. Alimtazama baba kupitia kioo cha chumba cha wagonjwa mahututi, mipira puani na kifuani, akahesabu pumzi zake mpaka muuguzi akamfukuza.

Kesho yake Qin Yushan alikuja kweli, na mkewe, wote wamevaa nguo za sikukuu kana kwamba wanakwenda kuhukumiwa. Picha ilitoka safi. Kikohozi kilikuwa cha vumbi la mahindi tu. Mzee akaketi chini palepale.

Alipoinuka aliomba aonyeshwe baba yake Fengxia. Wakasimama wote watatu mbele ya kioo, wakimtazama Mzee Changgen, aliyekuwa bado hajafumbua macho. "Mimi nami nililala hivihivi," Yushan akamwambia Fengxia.