Mwizi Aliyepiga Hodi

Ndugu Oswaldi aliitazama picha ya sinema ya Mize mwanzo hadi mwisho bila kucheka hata mara moja, na hilo ndilo lililomuudhi Mize zaidi, maana mahali pa kuchekesha hapakukosekana. Ilikuwa alasiri, mwaka wa sabini na tatu, katika ukumbi mmoja wa Bagamoyo, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza lipatikane. Mgeni huyu alitoka Dar es Salaam, sinema alisomea Ulaya, na ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua picha tatu za kuonyeshwa mjini katika wiki ya sanaa. Akisema ndiyo, kazi ya miaka miwili ya Mize itatazamwa na umati wa Dar. Akisema hapana, itarudi uvunguni mwa kitanda.

Ilikuwa picha ya mwizi muuaji, ya dakika arobaini, isiyo na rangi wala sauti. Mize, ambaye siku zote alipiga picha za arusi na za vitambulisho, aliitengeneza kwa kamera kuukuu aliyoachiwa na daktari mmoja wa misheni aliyerudi kwao. Sauti aliitia mwenyewe. Alisimama kando ya shuka lililotundikwa ukutani, akayasema maneno ya watu wote, mwizi kwa sauti nzito na askari kwa sauti ya puani.

Taa ilipowashwa, Oswaldi alifungua daftari lake. Alianza na mazuri, kama mtu aliyelelewa. Alizisifu nyuso za watu, akasema pale kwenye mnada wa samaki, mwizi anapopita katikati ya umati na kila mtu ameshughulika na vibua vyake, yeye mwenyewe pumzi zilimwishia. Kisha akageuza ukurasa. Gari lilikuwa moja tu: mwizi alikimbia nalo kuelekea Kerege, na askari aliyemfukuza alikuwa ndani ya gari hilo hilo, limebandikwa namba ya karatasi, tena karatasi yenyewe ikipeperuka. Kivuli cha Mize na kamera yake kilionekana ukutani mara mbili. Maiti alijikuna pua. Mize aliyakubali yote. Angeyabishia nini, naye ameshayaona kabla ya mtu mwingine na kuyalilia?

Oswaldi alisema hayo yote atayavumilia, ila jambo moja hawezi. Lile la mlangoni.

Pale mlangoni Mize alikuwa amepanga mambo mengine kabisa. Mwinjuma, kinyozi wa sokoni aliyeigiza mwizi, aliambiwa aingie kwa kishindo, kisu mkononi. Lakini nyumba waliyoiazima ilikuwa ya Bi Kibibi kweli, na Bi Kibibi mwenyewe alikuwa ameketi ndani kwenye mkeka wake, bibi anayeheshimiwa na mtaa mzima. Mwinjuma akafika kizingitini, miguu ikamgomea. Akapiga hodi. Akapiga ya pili na ya tatu, akangoja mpaka akakaribishwa. Akavua makubadhi yake, akayapanga vizuri, akaingia, akainama na kutoa shikamoo. Alipoitikiwa marahaba ndipo akakumbuka kisu. Mize alimgombeza siku nzima, lakini filamu ilikuwa imekwisha na ya kurudia haikuwapo.

"Jambazi hapigi hodi, Ndugu Mize," alisema Oswaldi. "Watu wa Dar watavunjika mbavu. Kata hapo tu, na picha naondoka nayo leo."

Mkasi ulikuwa mezani, kando ya mashine ya kuonyeshea picha. Mize aliuchukua. Tuseme ukweli, aliitaka Dar, aliitaka mpaka mate yakamkauka. Akaivuta filamu, akaifunua kwenye mwanga wa taa mpaka akapaona. Nakala ilikuwa hiyo moja, kitakachokatwa kimekwenda. Mwinjuma alionekana mdogo kama ukucha, ameinama juu ya makubadhi yake, na ndani kule bibi wa watu anatabasamu kumpokea mgeni. Mize akasisimkwa na mwili. Ndipo hasira zikampanda, na nyingi zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe, kwa miezi yote aliyoionea haya sehemu hii.

Akaurudisha mkasi mezani.

"Mwizi wa kuvunja mlango dawa yake naijua, ndugu yangu. Ni komeo," alisema. "Huyu anayepiga hodi, komeo lake mimi sijaliona. Sikati."

Oswaldi alimkumbusha kwamba hakulipanga hilo, lilikuwa kosa.

"Ni kosa, naam. Gari ni kosa, kivuli changu ni kosa, na hili nalo ni kosa. Lakini hili ni kosa la kwetu, na linashinda yote niliyoyapanga."

"Basi picha itabaki hapa."

"Ibaki. Nawe ukitaka kaa, watu wanaingia."

Watu wa mtaa walikuwa nje tangu adhuhuri, wakingoja kuiona picha. Wakaingia kwa kusukumana, Bi Kibibi akawekewa kiti mbele kabisa, na Oswaldi akasimama nyuma karibu na mlango, mkoba kwapani. Picha ikaanza upya, na vicheko navyo. Waliliangulia gari kicheko, wakamwita Mwinjuma wamuulize atanyoa au ataua, na maiti alipojikuna pua ukumbi mzima ulimpa pole. Mize alizisema sauti zake huku masikio yakimwaka moto. Nusura ajute.

Kisha mlango wa Bi Kibibi ukatokea kwenye shuka.

"Hodi," alisema Mize kwa sauti ya mwizi. Vicheko vikapungua. Alipopiga ya pili vilikuwa vimekwisha. Alipopiga ya tatu, mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini, ila kila mtu alisikia, "Usimwitikie, Bi Kibibi."

Mize alifungua kinywa aitikie kwa sauti ya bibi, lakini bibi mwenyewe alimtangulia kutoka kwenye kiti chake.

"Nilimwitikia, wanangu," alisema. "Yule wa kweli, aliyechukua dhahabu yangu zamani, alipiga hodi vivyo hivyo. Nilimlea mwenyewe."

Kwenye shuka Mwinjuma alikuwa anayapanga makubadhi yake, taratibu, moja kando ya jingine. Mize hakumtafuta Oswaldi kwa macho. Aliikaza sauti, akamtolea Bi Kibibi shikamoo ya mwizi.