Lenzi ya Milimita Kumi na Mbili

Wafanyakazi wote wa ghala la karatasi wanatangaziwa kuwa lenzi ya kamera ya ofisi itachaguliwa na kamati Jumanne saa nne kamili, na kwamba maoni yatapokelewa kwa maandishi tu.

Mpiga picha wa ghala alilisoma tangazo hilo akapita. Kaka yake, fundi umeme wa hapo hapo, alikufa tarehe tisa ya mwezi uliopita kwa kuangukiwa na ukuta wa kaskazini wa ghala. Meneja alishikilia kuwa siku hiyo fundi hakuja kazini, na ukurasa wa mahudhurio haukupatikana. Mama yao hakudai kingine ila iandikwe kwamba mwanawe alifia kazini, kwa maana mtaani walikwisha kusema alikwenda kuiba nyaya.

Watu wa bima walitaka picha moja inayoonyesha ghala zima. Muuzaji wa kamera akawaazima lenzi tatu za kujaribiwa: ya milimita ishirini na moja, ya kumi na tano, na ya kumi na mbili, iliyo pana kuliko zote. Kamera yenyewe ilikuwa ya filamu, ya aina ambayo jicho hutazama katika kidirisha cha juu, si kupitia lenzi. Kilichoonwa na lenzi hujulikana filamu ikishasafishwa. Mpiga picha aliisimamisha mlangoni, akapiga kwa kila lenzi bila kusogeza stendi hata inchi, kisha akasafisha.

Lenzi ya ishirini na moja ilionyesha rafu saba. Ya kumi na tano ilionyesha rafu tisa na ukuta mpya wa kaskazini. Ya kumi na mbili ilionyesha rafu kumi na moja, ukuta wa zamani wenye ufa, na fundi juu ya ngazi, bisibisi mdomoni. Chini yake alisimama meneja, kidole kimenyooshwa juu. Kalenda pichani ilisema tarehe tisa.

Meneja aliikagua kwa kioo cha kukuzia.

"Lenzi pana huvuta vya pembeni," alisema. "Hapa imeninenepesha."

"Huyo ni kaka yangu, bosi."

"Namwona. Sasa dada, tumekuja kuchagua lenzi au kukaa msibani?"

"Andika alikuwa kazini."

"Kwa lenzi ipi? Ya ishirini na moja haimjui."

Karani wa kamati aliguna. "Marehemu naye, hata katika uhai wake alipenda kukaa pembeni."

"Ungekuwa na haya ungenyamaza."

"Haya haina fomu, dada yangu."

Mpiga picha alichapa nakala nyingine mbili. Katika kila moja fundi alikuwa amepanda kidato kimoja zaidi. Katika ya mwisho ukuta ulikwisha kuinama, na kidole cha meneja kilikuwa bado juu.

Kamati ikakaa. Karani alipendekeza fundi aandikiwe barua ya onyo kwa kuingia pichani bila kibali. Mpiga picha aliunga mkono upesi mno. Meneja akamkazia macho, akakumbuka kuwa barua ya onyo hupewa mwajiriwa aliye kazini tu, na pendekezo likafutwa.

Iliamuliwa kwamba inunuliwe lenzi ya kumi na tano. Kwamba mtu aliye juu ya ngazi atambuliwe kuwa mgeni. Na kwamba kuanzia siku hiyo, mgeni yeyote asipande ngazi ya ghala bila kusindikizwa.